Moyo wapona, mguu wabaki bila mwenyewe

Jua linapoinama upande wa Likoni, Barabara ya Mama Ngina katika mtaa wa Kizingo, kisiwani Mombasa, hugeuka kuwa uwanja wa wanaopona. Katikati ya vijana, watoto na wauzaji wa madafu na kachiri za mhogo, mtu mwenye jicho la kudadisi atawaona wazee wachache wakitembea polepole chini ya mibuyu, mkono mmoja umeshikilia kifua. Hao ni watu waliopasuliwa moyo, na kutembea ni amri ya daktari.

Mmoja wao ni karani mstaafu wa bandari mwenye umri wa miaka 78. Alifanyiwa upasuaji huo katika hospitali moja nje ya nchi miezi mitano iliyopita, baada ya jamaa na marafiki kuchanga fedha. Mwandishi wa makala haya alipomuamkia na kumuuliza hali ya moyo, mzee alicheka.

"Marahaba, mwanangu. Moyo wapiga kama saa. Mguu huu ndio ulionitia adabu," alisema huku akikunja suruali hadi gotini.

Kovu lilianzia karibu na kifundo cha ndani cha mguu wa kushoto, likapanda muundini na kupotelea pajani. Chini ya goti palikuwa na bandeji. Kifua chake, alikopasuliwa mfupa, kilifunga mapema bila matata. Mguu, ambao hakuna aliyemtahadharisha juu yake, ulifumuka siku ya tisa baada ya kurejea nyumbani na ukakaa wazi wiki kumi na moja.

Kisa hiki si cha ajabu wala si nadra. Yeyote mwenye jamaa aliyepitia upasuaji wa aina hii atakuwa amesikia malalamiko yanayofanana na hayo. Linalostahili kujadiliwa ni sababu inayofanya sehemu ndogo ya upasuaji mkubwa kumtesa mgonjwa kuliko upasuaji wenyewe, na kwa nini inapoharibika hapatikani mtu wa kuibeba.

Tuanze na mguu wenyewe, kwa kuwa wengi hushangaa kuupata umefungwa bandeji ilhali walikwenda kutibiwa moyo.

Moyo hulishwa damu na mishipa yake maalumu inayouzunguka kwa nje. Mishipa hiyo ikijaa mafuta na kuziba, sehemu ya moyo hukosa damu na mtu huweza kufa ghafla. Dawa mojawapo ni kuitengenezea damu njia ya kando. Mkaazi wa Mombasa hahitaji maelezo marefu hapa: ni kama ile barabara ya Dongo Kundu, inayomwezesha mwenye gari kufika Kwale bila kupanga foleni kwenye feri ya Likoni. Feri haikuondolewa, gari limepitishwa kwingine.

Lakini njia hujengwa kwa vifaa, na katika mwili wa binadamu kifaa hicho sharti kitoke mahali. Kimoja ni mshipa wa ndani ya kifua, ambao ndio bora na aghalabu huunganishwa na mshipa mkuu wa mbele ya moyo. Njia nyingine zote, iwapo ni mbili au tatu, mara nyingi hutengenezwa kwa mshipa mrefu wa mguuni unaoitwa safena. Mshipa huu hupita chini tu ya ngozi, kutoka mbele ya kifundo cha ndani hadi kinenani. Mtu anaweza kuishi bila huo, kwa sababu kazi kubwa ya kurudisha damu kutoka mguuni hufanywa na mishipa iliyo ndani zaidi.

Daktari aliyeusambaza ujuzi huu duniani ni René Favaloro, mzaliwa wa Argentina, aliyeanza kuutumia mshipa wa mguu kwa njia hii mnamo Mei 1967 alipokuwa akifanya kazi katika mji wa Cleveland, Marekani. Mshipa huo una vizuizi vidogo vinavyoruhusu damu kwenda upande mmoja pekee, kwa hiyo mpasuaji huugeuza juu chini kabla ya kuushona moyoni.

Kwa miongo mingi mshipa huo umetolewa kwa kuupasua mguu kwa urefu, na katika hospitali nyingi hali ni hiyo hadi leo. Mpasuaji anayehitaji vipande vitatu huenda akafungua ngozi kutoka kifundoni hadi pajani. Kwa kipimo cha ngozi iliyokatwa, jeraha la mguu laweza kuwa refu maradufu kuliko la kifua. Aidha, liko mahali ambapo damu hufika kwa unyonge, hasa kwa wazee na wenye kisukari, na ambapo maji ya mwili hutuama kila mtu anapoketi.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Desturi katika hospitali nyingi ni kwamba mpasuaji mkuu hushughulika na kifua, na mguu huachiwa msaidizi wake, mara nyingine daktari aliye mafunzoni. Hatusemi kwamba wasaidizi hao hawajui kazi. Tunasema tu kwamba tangu ndani ya chumba cha upasuaji, mguu huanza safari yake ukiwa mikononi mwa mtu wa pili.

Madhara yenyewe ni ya namna nyingi. Mengine ni mepesi: ganzi upande wa ndani wa mguu, kwa sababu neva ya hisia hupita sambamba na mshipa ule na huumia unapotolewa, au uvimbe wa kifundo unaodumu kwa wiki kadhaa. Mengine ni mazito: damu kuvilia chini ya ngozi, majimaji kuvuja, kingo za jeraha kuachana, ngozi kufa na kuwa nyeusi, na usaha. Wachache hulazimika kurudi chumba cha upasuaji ili kukatwa nyama iliyooza au kupandikizwa ngozi.

Ni wangapi wanaopatwa na hayo? Tafiti zilizofanywa ng'ambo zimetoa takwimu zinazopishana mno, kutoka asilimia 2 hadi asilimia 24 ya waliopasuliwa. Tofauti hiyo haitokani na ubingwa wa madaktari peke yake. Inatokana pia na lini mtu aliacha kuhesabu. Anayehesabu siku mgonjwa anapotoka hospitalini ataona miguu mizuri mitupu. Atakayemfuata nyumbani wiki ya tatu ataona mengine.

Hata kanuni za nchi tajiri zinaupendelea moyo. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinazitaka hospitali kufuatilia maambukizi ya ndani ya kifua kwa siku 90 baada ya upasuaji huu. Mguu, ambao katika kanuni hizo unaitwa jeraha la pili, hufuatiliwa kwa siku 30. Mguu wa mzee wetu wa Kizingo, uliokaa wazi wiki kumi na moja, ungekuwa umeshatoka katika daftari zamani.

Sharti tuwatendee haki wapasuaji, kwa kuwa wana sababu za kuuangalia moyo kwanza. Mshipa wa mguu haudumu kama wa kifua. Takriban nusu ya njia zilizotengenezwa kwa mshipa wa mguu huwa zimeziba au zimeharibika baada ya miaka 10. Rais mstaafu wa Marekani, Bill Clinton, alitengenezewa njia nne Septemba 2004, na kufikia Februari 2010 mojawapo ilikuwa imeziba akalazimika kuwekewa vijibomba viwili vya kupanua mshipa. Kwa hiyo mpasuaji hujali mno mshipa utoke mzima, usikwaruzwe wala kuvutwa.

Hapa ndipo maslahi ya moyo na ya mguu yanapogongana. Wapasuaji wa mji wa Örebro, Sweden, walianzisha katika miaka ya 1990 mtindo wa kuutoa mshipa pamoja na mafuta yanayouzunguka bila kuugusa. Utafiti mkubwa uliofanywa China kwa wagonjwa 2,655, na kuchapishwa mwaka 2021, ulithibitisha kwamba mishipa iliyotolewa hivyo huziba kwa uchache. Ulithibitisha pia kwamba majeraha ya mguu yalisumbua zaidi. Moyo ulifaidi, mguu ukalipa.

Kuna njia ya kinyume chake. Tangu miaka ya 1990 kumekuwepo kifaa chenye kamera ndogo kinachopenyezwa kupitia tundu dogo karibu na goti, nao mshipa ukavutwa nje bila kuupasua mguu wote. Kwa muda kulikuwa na hofu kwamba mshipa unaotolewa hivyo huchubuka na kuziba mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwatia wengi shaka. Shaka hiyo ilipunguzwa na jaribio lililofanywa katika hospitali 16 za maveterani wa vita nchini Marekani, likihusisha wagonjwa 1,150, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2019. Vifo na mishtuko ya moyo havikutofautiana kwa kiwango cha maana baina ya makundi mawili. Maambukizi ya mguu yalikuwa asilimia 1.4 kwa waliotumiwa kamera na asilimia 3.1 kwa waliopasuliwa kwa urefu.

Kifaa hicho ni ghali na sehemu zake nyingine hutumika mara moja zikatupwa. Mgonjwa aliyeuza kiwanja kwenda kutibiwa, au aliyepita mikononi mwa kamati ya harambee, huulizwa kuhusu bei ya jumla. Haulizwi kuhusu mguu. Naye hajui kwamba kuna cha kuuliza.

Turudi Kizingo.

Mtaa huu si jangwa la matibabu. Hospitali ya Mombasa na Hospitali ya Aga Khan zote zimo humu humu, na Hospitali Kuu ya Pwani haiko mbali, kisiwani humo humo. Pengine hakuna mtaa mwingine wa Pwani ya Kenya ambao mtu anaweza kuzungukwa na vitanda vingi vya hospitali kiasi hiki. Lakini mzee wetu alipoona usaha, alipiga simu kwanza kwa hospitali iliyompasua, maelfu ya kilomita ng'ambo ya bahari. Alijibiwa atume picha. Alipoutuma mguu kwa picha, akaambiwa amwone daktari aliye karibu. Daktari aliye karibu akamwambia ni heri amwone aliyempasua, kwa kuwa hakuwa na maelezo ya kilichofanywa ndani. Duka la dawa likamuuzia vidonge.

"Nikawa kama barua isiyo anwani," alisema.

Mkasa wa vidonge una uzito wake. Dawa za kuua bakteria hununuliwa kwetu kama peremende, nusu dozi, bila kupimwa usaha ili kujulikana ni kidudu gani kilichomo. Jeraha lenye nyama iliyokufa haliponi kwa vidonge peke yake. Sharti lisafishwe na nyama hiyo iondolewe. Anayemeza dawa juu ya uozo hujidanganya, na kidudu kinachosalia hujifunza kuzistahimili.

Baada ya vidonge hufuata ushauri wa majirani. Mmoja huleta manjano, mwingine habasoda, wa tatu asali ya mkebe. Nia huwa njema na mwandishi huyu hana ugomvi na asali mezani. Asali inayotumiwa hospitalini kwa vidonda husafishwa kwa namna maalumu. Ya sokoni haijasafishwa hivyo, na jeraha lililoachana si mahali pa kuijaribia.

Kisha kuna kisukari. Wengi wanaofikia kupasuliwa moyo wanacho, na sukari ikipanda jeraha hukataa kufunga. Mgonjwa aliyekuwa akipimwa sukari mara nne kwa siku akiwa wadini hurejea nyumbani kwenye mahamri, mbaazi za nazi na chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko, kwa kuwa kila mgeni anayekuja kumpa pole hukaribishwa, naye hula pamoja na wageni. Sigara ni adui mwingine. Kunenepa ni wa tatu. Wanawake nao wameonekana katika tafiti nyingi kupata matatizo ya mguu kuliko wanaume.

Lipo jambo moja dogo ambalo katika mji wa joto na unyevu kama huu lina maana kubwa. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Marekani, Larry Baddour na Alan Bisno, walieleza habari za wagonjwa ambao miezi au hata miaka baada ya jeraha kupona, mguu uliotolewa mshipa huvimba ghafla, ukawa mwekundu wa moto, kwa homa na kutetemeka. Hali hiyo ilijirudia mara kwa mara. Mwaka 1984 wakaonyesha uhusiano wake na fangasi za katikati ya vidole vya miguu: ngozi iliyopasuka hapo ndiyo mlango wa bakteria, na mguu uliopoteza mshipa pamoja na baadhi ya mifereji ya majimaji hauna nguvu ya kuwafukuza.

Sasa fikiria mzee wa Mji wa Kale au Kizingo anayetia udhu mara tano kwa siku na kuvaa viatu kabla vidole havijakauka. Tohara ni jambo jema. Kinachokosekana ni kitambaa kikavu cha kupangusia katikati ya vidole, na mafuta ya fangasi yanayopatikana katika duka lolote la dawa. Kwa yule ambaye jeraha lingali limefungwa, dini ina rukhsa zake kwa mwenye bandeji, na imamu wa msikiti wake atamweleza. Hakuna haja ya kulowesha kidonda kwa kuogopa sala.

Dalili za kumkimbiza mtu hospitalini zinajulikana: wekundu unaosambaa, joto, harufu, usaha, homa, ngozi kugeuka nyeusi, kingo kufunguka. Shavu la mguu likiwa gumu na lenye maumivu, hasa baada ya saa nyingi ndani ya ndege, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mgonjwa huyo akianza kuhema, ni dharura ya saa hiyo hiyo. Nje ya hayo, ushauri wa kawaida ni kutembea kila siku, na kila anapoketi mguu uinuliwe juu ya kiti au mto, usining'inie. Ndio maana wazee wa Mama Ngina hutembea kisha hukaa ukutani na kunyoosha miguu kama wafalme.

Yote haya yangeweza kusemwa na muuguzi mmoja katika dakika kumi. Swali ni muuguzi yupi, na alipwe na nani.

Mfumo wa afya nchini umebadilika mno katika muda mfupi. Serikali za kaunti zilichukua usimamizi wa hospitali za umma mwaka 2013 chini ya katiba ya 2010. Septemba 2023, serikali kuu ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba yenye vipimo vya sukari na shinikizo la damu. Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi ya bima ya NHIF, ikiwa na hazina mojawapo iliyotengwa kwa ajili ya huduma za zahanati na vituo vya afya.

Ukiviweka vipande hivyo pamoja utaona kwamba mguu ungeweza kupata mwenyewe. Kusafisha jeraha ni kazi ya muuguzi wa zahanati, na kuna hazina ya kuigharamia. Kupima sukari nyumbani na kutazama kama jeraha limegeuka rangi ni kazi ambayo mhudumu wa jamii mwenye mkoba anaweza kuifanya akiwa amefundishwa siku moja. Hayo hayahitaji daktari bingwa wala mashine kutoka Ujerumani.

Kinachokosekana ni kiungo baina ya hospitali iliyopasua na zahanati iliyo karibu na nyumbani. Mgonjwa anayepasuliwa Nairobi, au Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyofunguliwa mwaka 2015, au India, hurejea Mombasa na faili inayozungumzia moyo kwa lugha ya mabingwa wa moyo. Hakuna karatasi iliyoandikiwa muuguzi wa zahanati kumweleza mshipa ulitolewa wapi, kwa njia gani, nyuzi zitolewe lini, ni dawa gani za kupunguza kuganda kwa damu mgonjwa anameza, na nani apigiwe simu mambo yakiharibika. Bila karatasi hiyo, muuguzi mwangalifu huogopa kuugusa mguu, na asiye mwangalifu huugusa bila kujua.

Wapo watakaosema kwamba katika kaunti ambako akina mama wangali wanajifungua bila huduma za kutosha, jeraha la mguu la watu wachache wenye uwezo wa kupasuliwa moyo si jambo la kupotezea wino. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasahau kwamba jeraha hili halina tofauti na la mwenye kisukari aliyejikata kidole shambani Kwale, wala la mama aliyepasuliwa uzazini na kurudishwa nyumbani siku ya tatu. Zahanati ikijifunza kufuatilia jeraha la mtu mmoja aliyetoka hospitali kubwa, itakuwa imejifunza kwa wote. Na familia iliyokwisha kufilisika kwa nauli na upasuaji haina akiba ya kununua bandeji kila siku ya pili kwa muda wa wiki kumi na moja.

Katika hali ya sasa, mzigo huo umewaangukia wake na mabinti. Mguu wa karani wetu uliponeshwa na mkwewe, mwalimu wa shule ya msingi, aliyefundishwa na muuguzi mmoja mstaafu wa mtaani jinsi ya kuosha jeraha kwa maji ya chumvi yaliyotayarishwa kitaalamu na kulijaza bandeji kutoka chini kwenda juu. Alikuwa akifanya hivyo alfajiri kabla ya kwenda kazini. Hakuna hazina iliyomlipa.

Mzee alinionyesha pia barua aliyopewa alipotoka hospitalini, ambayo huitembeza ndani ya bahasha ya plastiki. Ina kurasa nne. Kuna michoro ya mishipa ya moyo, vipimo vya damu na orodha ya dawa saba. Mguu umetajwa mara moja, katika ukurasa wa pili, kwamba mshipa ulitolewa upande wa kushoto.

Mwezi ujao ana miadi ya moyo. Ya mguu hakuandikiwa.